Sura ya Nne: Maji ya Saa Kumi

Mkuu wa Upelelezi alikuwa mtu wa kola iliyopigwa pasi ikakakamaa kama kadi, ndiyo maana kituo kizima kilimwita Kola, ila si mbele yake. Asubuhi ya Jumatano alimsukumia Inspekta jalada mezani kwa kidole kimoja, akamwambia kesi ya vyura imekwisha. Mtunza mabwawa yumo mahabusu tangu jana mchana. Saa nane atasomewa shtaka. Kilichobaki ni kupanga karatasi, na kwa kupanga karatasi, alisema Kola akitabasamu, hapakuwa na mkono mzuri kama wa Inspekta.

Inspekta alilichukua jalada. Naye alikuwa na jina lake la kituoni, Rudia. Alipewa na wezi, askari wakaliazima, kwa sababu hakuna maelezo aliyokubali kuyasikia mara moja tu. Yeye na Kola waliingia chuo cha polisi siku moja, wakapewa buti kutoka kasha moja. Katika mtihani wa mwisho Rudia alikuwa wa kwanza, Kola wa kumi na nne. Leo Kola alikalia kiti cha kuzunguka chenye mgongo mrefu, na Rudia alikuwa anatumwa kuchunguza vyura. Tusifichane: ilimuuma. Ilimuuma kila alipopita mbele ya mlango ule wenye kibao cha shaba. Hakumwombea mwenzake ugonjwa wala ajali. Alichotaka ni kwamba siku moja akosee, akosee vibaya, na watu wawe wanatazama.

Alilisoma jalada akiwa amesimama kwenye korido. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kituo cha utafiti wa maji: mabwawa manne, maabara moja, lango moja. Katika bwawa la tatu aliishi chura mdogo wa rangi ya majani makavu, asiyezidi ncha ya kidole gumba, ambaye hajapatikana kwingine kokote. Jumanne saa tatu asubuhi, Daktari anayewatafiti vyura hao aliwakuta sitini na wawili wameelea, matumbo juu. Maji yalipopimwa yakakutwa na klorini. Dumu tupu la klorini likakutwa kwenye stoo ya mtunza mabwawa. Na kesho, Alhamisi, jopo la wataalamu lilikuwa linakuja kuamua kama bwawa lile linafaa kulindwa kuwa makazi ya chura huyo.

Halafu kulikuwa na saa. Kitabu cha lango kilionyesha kwamba alfajiri ya Jumanne, kabla ya Daktari, waliingia watu wawili tu. Wa kwanza ni Mkemia wa kituo, aliyeingia saa kumi na moja na dakika arobaini na kutoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Wa pili ni mtunza mabwawa, aliyeingia saa kumi na mbili na nusu, akabaki peke yake mpaka Daktari alipofika. Nakala ya ukurasa wa daftari la Mkemia ilikuwemo jaladani: saa kumi na mbili na dakika kumi alipima maji, klorini sifuri. Kwa hiyo sumu ilitiwa baada ya yeye kuondoka. Hesabu ya darasa la kwanza, Kola aliandika pembeni kwa wino mwekundu.

Mtunza mabwawa alikuwa mzee wa miaka hamsini na tisa, wakimwita Taratibu kwa mwendo wake. Hakuwa na mtu wa kumwekea dhamana. Nyumbani alikuwa na mke asiyeona, ambaye yeye ndiye aliyemshika mkono kwenda kila mahali. Akisomewa shtaka saa nane, angepelekwa rumande siku kumi na nne kwa uchache, na bibi yule angebaki na kuta zake.

Rudia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Pale kituo cha utafiti, mlinzi alimzuia langoni, si kwa kitambulisho, bali kwa viatu. Kulikuwa na beseni pana la maji yenye harufu kali, na kila anayeingia alipaswa kukanyaga humo kwa dakika moja, asije akaleta ukungu wa ngozi unaoua vyura. Rudia alikanyaga. Akauliza maji hayo ni ya nini, akajibiwa ni klorini, kikombe kimoja kwa ndoo, na Mzee Taratibu ndiye anayeyachanganya. Basi dumu la klorini kwenye stoo yake lilikuwa la kawaida kama jembe kwenye stoo ya mkulima. Ufunguo wa stoo, alisema mlinzi, hutundikwa kwenye msumari maabara. Kila mtu anaujua.

Daktari alikuja kumpokea macho yakiwa yamevimba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Alisema hana shaka kuhusu mzee. Wiki iliyopita alimkuta ameingia mabwawani bila kukanyaga beseni, akamfokea mbele ya wageni, naye akajibu kwamba bwawa hilo alilitunza yeye wakati Daktari yuko shule. Rudia akamwomba arudie maneno hayo. Akarudia, na mara ya pili ugomvi ulikuwa mdogo zaidi.

Lakini akili ya Inspekta ilikuwa imekwisha kwenda kwingine. Juu ya kilima, mita mia tatu hivi, aliona vibanda vya kuoshea magari na mfereji wa povu jeupe ukishuka kuelekea mabwawani. Alimjua mwenye biashara ile. Alikuwa shemeji yake Kola, kaka wa mke. Moyo ulimruka Inspekta kwa furaha ambayo, kwa kweli, haikuwa ya kikazi. Hebu fikiria: Mkuu wa Upelelezi amemfunga mzee wa watu kumficha shemeji yake. Kibao cha shaba kingeng'olewa na bisibisi mchana kweupe.

Akaufuata mfereji ule hatua kwa hatua, sketi ya sare ikishika mbigili. Daktari akamfuata, akieleza njiani, kwa sababu hakuweza kutembea na mtu bila kumfundisha. Chura, alisema, hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, na sehemu kubwa ya pumzi yake huipata kwa ngozi hiyohiyo, kwa hiyo kilichomo majini kimo mwilini mwake. Mfereji wa povu uliishia bwawa la kwanza. Rudia akachuchumaa. Maji yalikuwa ya kijivu, yakinuka sabuni, na humo vyura wa kawaida walikuwa wamekaa wanamkodolea macho, wanene, wazima, viluwiluwi wakipita chini yao kwa mamia.

"Na bwawa la tatu linapata maji wapi?"

"Kwenye chemchemi. Bomba lake peke yake, limezikwa. Haligusani na mfereji huu."

"Rudia."

Daktari akarudia. Rudia akauliza kama mvua ikinyesha sana povu haliwezi kufurika. Haliwezi, bwawa la tatu liko juu. Akauliza kama bomba halijapasuka. Halijapasuka. Akalikagua mwenyewe mpaka kwenye chemchemi na kurudi, akipekua nyasi kama mtu aliyedondosha pete. Alipokubali mwishowe kwamba waosha magari hawahusiki, ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Aliona haya. Alijua vizuri nini kilichokula zile saa mbili za mzee wa watu: kijicho chake mwenyewe.

Akaomba kuona maabara.

Ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya vigae, sinki mbili na harufu ya bwawa. Mkemia alikuwa anakausha chupa kwa kitambaa, moja moja, akiziangalia dhidi ya dirisha. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, nywele zimebanwa nyuma. Daktari akamtambulisha kwa kumshika bega.

"Huyu ni wifi yangu. Mume wangu ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyenileta hapa miaka saba iliyopita, akanifundisha hata kushika kipimo. Mimi vyura, yeye namba. Hapendi mambo mengi, yeye ni wa namba tu."

Mkemia alitabasamu kwa mdomo. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilitundikwa kalenda ya kituo. Picha yake ilimwonyesha Daktari akiwa amepiga magoti kando ya bwawa, chura mdogo juu ya kiganja, na chini yake jina la kisayansi la chura huyo, ambalo nusu yake ilikuwa jina la Daktari mwenyewe. Pembeni kabisa ya picha palikuwa na mkono wa mtu ulioshika chupa ya maji. Mtu mwenyewe alikatwa. Rudia alitazama ule mkono, kisha akatazama mkono uliokuwa unakausha chupa. Pete ilikuwa ileile.

Maelezo ya Mkemia yalikuwa mafupi na hayakupungua wala kuongezeka alipoyarudia. Alfajiri aliingia, akaondoka, akarudi saa tatu alipoitwa. Ni yeye aliyepima maji mbele ya Daktari, na ni yeye aliyesema ni klorini, miligramu tatu kwa lita. Angeweza kusema hajui. Hakusema hivyo.

"Ninaomba daftari," Rudia alisema.

"Wenzako walichukua nakala ya ukurasa jana."

"Nataka lote."

Mkono ulisimama juu ya chupa, kidogo tu. Kisha Mkemia akafungua droo, akatoa daftari kubwa la jalada gumu, la bwawa la tatu, miaka kumi na moja ndani ya kitabu kimoja. Akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Lirudi kabla ya saa kumi," alisema. "Nina kipimo."

Rudia alilifungua ndani ya gari, mbele ya lango. Kila siku ilikuwa na mistari miwili, wa alfajiri na wa alasiri. Saa, joto, oksijeni, klorini. Namba tupu, mwandiko uleule mdogo ulionyooka, bila neno. Alipekua kurasa kutoka mwanzo. Katika mwaka wa pili, pembeni ya ukurasa, akakutana na maneno pekee ya daftari zima: *Nimemwona chura mdogo wa kahawia, simjui. Anakaa chini ya majani mapana.* Akahesabu tarehe kwa vidole. Ilikuwa miaka miwili kabla Daktari hajakanyaga beseni la lango lile.

Akafunga macho kidogo. Asiyekujua hakuthamini, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote kuhusu wifi anayekujua vizuri.

Kisha akaruka mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuwa mtaalamu wa maji, ila alikuwa mtaalamu wa kutazama kitu mpaka kichoke. Mistari ilikwenda kama mtu anayechechemea: namba ndogo, namba kubwa, ndogo, kubwa, siku baada ya siku. Mpaka wiki hii. Alasiri ya Jumatatu, namba kubwa. Alfajiri ya Jumanne, kubwa tena. Pale mguu haukuchechemea. Hakujua maana yake, lakini alijua nani angejua, na mtu huyo alikuwa nyuma ya mlango wa chuma.

Alimkuta Mzee Taratibu ameketi kwenye sakafu ya saruji, miguu imenyooka, kofia juu ya goti. Akamwamkia shikamoo. Mzee akaitika marahaba, akauliza kwanza kama kuna mtu aliyekwenda kumtazama mkewe. Rudia akasema atamtuma koplo. Akatoka, akamtuma koplo kweli, akarudi, akachuchumaa mbele yake na daftari. Aliifunika safu ya saa kwa kiganja ili asimwongoze.

"Mzee wangu, nisomee mstari huu. Niambie ni wa saa ngapi."

Mzee alisogeza daftari mbali na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Joto ishirini na tano. Oksijeni tisa nukta mbili." Akainua bega. "Saa kumi hii, mwanangu. Saa kumi alasiri, siku ya jua."

"Haiwezi kuwa alfajiri?"

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. Alisema anayedhani maji yale yana joto la ishirini na tano alfajiri, aje atie mguu, atarudi analia. Na hewa je? Akaeleza polepole, akichora sakafuni kwa kidole. Majani ya majini mchana yanatengeneza hewa, jua likiwaka maji yanashiba. Usiku majani nayo yanavuta pumzi kama sisi, yanaila ileile yaliyoitengeneza. Kukikucha bwawa lina njaa, ndiyo maana alfajiri vyura hukaa juujuu, pua nje. Saa ile unapata oksijeni nne, ukibahatika tano. Tisa huipati hata upige magoti.

Rudia akaondoa kiganja.

Mzee alisoma saa iliyoandikwa, kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Alisoma tarehe. Kicheko kikamtoka usoni. Akaupitia mstari tena kwa kidole.

"Labda alibuni tu namba," Rudia alisema, akimpima.

"Huyu mama habuni, afande. Mwaka ule kipimo kilipoharibika siku tatu, mistari ya siku tatu aliiacha wazi. Daktari akamwambia jaza kwa kukadiria, nani atajua. Akakataa. Hebu fungua, iko wazi mpaka leo."

Rudia akafungua kurasa alikoelekezwa. Mistari sita mitupu, imepigiwa rula na kuachwa.

"Basi namba hii ni ya kweli."

"Ni ya kweli. Ila si ya alfajiri." Mzee akavaa kofia, akaivua tena. "Usimwambie kama mimi ndiye niliyemsema. Miaka kumi na moja tunasalimiana." Rudia akamwahidi kwamba hatasema.

Ilikuwa saa sita na robo Rudia alipoingia tena maabara, safari hii akiwa na koplo mwingine, mwanamama mnene aliyejua kusimama mlangoni asionekane. Daktari alikuwa bwawani anaokota mizoga ya mwisho. Mkemia alikuwa peke yake. Rudia akaliweka daftari juu ya vigae, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akaweka kalamu juu ya mstari.

"Mama, hii ni oksijeni ya saa kumi alasiri."

Mkemia aliitazama kalamu. Hakujitetea. Rudia alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa wakili, kwa kelele. Alichopata ni kitu kilichokaribia kuwa nafuu katika uso wa yule mama.

"Namba ni za kweli," alisema. "Ni saa tu."

"Ulipima Jumatatu."

"Mara mbili. Saa kumi, kisha saa kumi na nusu. Ya pili nikaiweka akiba. Nilijua alfajiri sitaweza kupima, maji yatakuwa yameshaharibika. Nilijaribu kukaa nitunge namba ya alfajiri. Nazijua kama jina langu, ningeweka nne nukta moja na hakuna ambaye angeuliza. Mkono ukakataa."

"Kumimina klorini haukukataa."

"Hapana. Huko haukukataa."

Aliyaeleza mengine bila kuulizwa mara mbili, na kwa hilo peke yake Rudia alijua ni kweli. Alichukua ufunguo kwenye msumari, akalibeba dumu mpaka bwawani akipumzika mara tatu, akalimimina lote, akalirudisha mahali pake kwa sababu alizoea kurudisha vitu mahali pake. Alitaka jopo likija likute maji matupu. Alitaka bwawa lionekane halifai. Kesho walikuwa wanazindua kibao: bwawa lenyewe lipewe jina la wifi yake, kama chura alivyopewa.

"Nilimpeleka mimi kwenye majani yale," alisema. "Nikamwambia, wifi, njoo nikuonyeshe kitu. Akapiga kelele, akanikumbatia. Mwaka uliofuata nikamwona chura wangu kwenye gazeti, na jina lake. Nikajisemea, si kitu, ni ndugu. Kisha ndugu yangu naye nikawa simwoni ila akija na mkewe, wakae nusu saa, mke atazame saa. Mama yangu mzazi, afande, akiulizwa habari za watoto wake, anaanza na mkamwana. Mimi niliyempatia huyo mkamwana hata jina la kujivunia..." Hakumalizia. Akakunja kitambaa cha chupa mara nne. "Sikumtakia wifi afe. Nilitaka tu apungukiwe. Mara moja tu, na mimi nikiwepo."

Rudia aliinamia karatasi. Maneno yale aliyajua. Alikuwa nayo asubuhi ile ile, kwenye korido, na kalamu yake haikuweza kuyaandika upesi kwa sababu aliyasikia kwa sauti yake mwenyewe.

"Na Mzee Taratibu?"

Hapo ndipo Mkemia alipoinamisha kichwa.

"Nilimfikiria wifi tu. Mawazo yangu hayakufika mbali zaidi ya hapo. Jana walipomchukua, nilisimama dirishani." Akapitisha kidole juu ya ukurasa wake. "Nikanyamaza. Sikutegemea mtu angelifungua daftari hili. Miaka kumi na moja, wewe ndiye wa kwanza kulisoma."

Rudia alikuwa amemwahidi mzee kutosema. Lakini kuna ahadi ambazo, ukizishika, unamdhulumu aliyekuomba.

"Si mimi," alisema. "Mimi sikuelewa kitu humu. Aliyelisoma ni Mzee Taratibu. Na mistari uliyoiacha wazi, anaikumbuka yeye."

Ndipo Mkemia alipolia, kwa kelele, kama mtoto, akishika ukingo wa sinki, na koplo akaondoka mlangoni kuja kumshika mkono.

Saa saba na dakika ishirini Rudia alisimama mbele ya meza ya Kola, maelezo yaliyosainiwa mkononi. Alikuwa ameusubiri wakati huu miaka mingi. Mkuu amekosea, amekosea vibaya, na ushahidi ni kurasa sita. Nje, kwenye benchi, walikaa waandishi wawili wa habari aliowaita Kola mwenyewe.

Kola alisoma bila kubadilika uso, ila shingo ilianza kuwa nyekundu juu ya kola. Akamaliza, akazipanga karatasi.

"Vizuri. Wapeleke wote wawili."

"Mzee hana kosa."

"Dumu limetoka stoo yake. Mama ametia, mzee amempa. Au hakumpa, mahakama itachambua. Mimi jana nimeshawaambia watu nimemkamata mhalifu. Leo niwaambie nini? Kwamba Mkuu wa Upelelezi hajui kusoma daftari?"

Ndivyo hasa alivyotaka waambiwe. Rudia aliuona mlango wa waandishi, hatua tano tu. Angetoka pale, aseme sentensi mbili, na kesho jiji zima lingesoma. Na Kola, kwa hasira na ubishi, angelituma jalada mahakamani saa nane kama lilivyo, maana saini iliyotakiwa kumtoa mzee ilikuwa ya Kola. Jalada likishaingia kule, hutoka linapopenda lenyewe. Siku kumi na nne. Bibi yule na kuta zake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Rudia akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akachukua kalamu.

"Nani aliyenituma nikachukue daftari zima?" aliuliza.

"Sikukutuma."

"Asubuhi uliponipa jalada. Uliniambia karatasi hazijatosha. Kwamba ile saa ya Mkemia inakutia shaka."

Kola alimtazama. Hakuwa mjinga, angalau si kwa mambo kama haya. Kiti cha kuzunguka kilisogea kidogo.

"Rudia," alisema taratibu.

"Uliona joto ni kubwa mno kwa alfajiri. Ukamshikilia mzee ili mhusika mwenyewe alale usingizi. Naandika hivyo?"

Kiti kilirudi mahali pake. Kisha Kola akakohoa, akanyoosha mikono ya shati.

"Kweli ile saa haikunikaa sawa," alisema.

Rudia akaandika. *Kwa maelekezo ya Mkuu wa Upelelezi, nilikwenda kuchukua daftari...* Miaka kumi na tisa ya majalada, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa wino. Kila herufi ilimchoma. Alimkumbuka yule mama ambaye mkono ulimkataa, na akaona ajabu kwamba wake haukukataa. Akaandika mpaka mwisho, akasaini, akaigeuza karatasi upande wa pili wa meza. Kola akasaini bila kuisoma.

Saa nane kasoro dakika kumi Mzee Taratibu alitolewa mahabusu, mkanda na kofia mkononi. Kola alikuwa koridoni mbele ya waandishi, akieleza jinsi mpelelezi mzuri anavyotazama namba, si sura za watu. Mzee alisikiliza mpaka akaelewa. Kisha akamwendea, akaushika mkono wa Kola kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Mungu akulinde, mwanangu. Wengine wasingeangalia."

"Ni kazi yetu, mzee," alisema Kola, na kamera ikapiga.

Rudia alikuwa nyuma yao, daftari kwapani. Ilimuuma kuliko mtihani, kuliko kibao, kuliko kiti. Mkemia alipopitishwa na koplo kwenye korido ile ile, macho yao yalikutana, na hakuna aliyeyakwepesha. Kisha Rudia akachukua funguo za gari, maana mzee alikuwa na haraka ya kufika kwa mkewe.

Njia nzima mzee alimsifu Mkuu wa Upelelezi, akili yake, macho yake, malezi ya wazazi wake. Rudia akaendesha, na kila mzee aliponyamaza kusubiri jibu, akaitikia kwamba ni kweli.